Karani wa Gazetini

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umekubali kukanyaga tena, na mkaza mjomba hajambo. Mwambie mama kwamba shuka bado nzima, nakula, na sijalala na dirisha wazi hata siku moja. Chumba nilichopata kiko nyuma ya duka la fundi saa. Ukuta ni mwembamba. Jirani yangu akikohoa, najua siku yake ilikwendaje.

Kazi nimeizoea kiasi. Meza yangu iko kwenye korido ya kituo, kati ya mlango wa mahabusu na mlango wa mkaguzi wa upelelezi, kwa hiyo kila anayelia na kila anayeliza hupita mbele yangu. Naandika maelezo ya watu, nayapiga kwa mashine, nayapeleka kusainiwa. Usiniambie nimesoma miaka yote ile kwa ajili ya hili. Mama ameshaniambia.

Mkaguzi wetu tunamwita Koti. Utacheka: anavaa koti refu la kijivu hata jua likiwaka, na njiti ya kiberiti haimtoki pembeni mwa mdomo. Ndiyo, Mjomba, ni yule Msumari wako, mpelelezi wako wa gazetini, kashuka kutoka kwenye karatasi. Kila Ijumaa gazeti likifika hulisoma yeye kwanza, kwa sauti, na akifika pale Msumari anaposema "Ukweli unakaa chini ya ngozi, chubua utauona," korido nzima lazima iitikie. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia mwandishi ni mjomba wangu. Nilitaka tu anipende. Tangu hapo ananipa mkono mbele ya askari, na mkono wake ni mzito.

Sasa jambo lenyewe. Mlinzi wa bohari moja hapa alikutwa amekufa kwa kipigo, langoni pake, saa za watu kutoka kazini. Koti alikuwa anachunguza wizi katika bohari hiyo hiyo, na alikuwa amemhoji huyo mlinzi mara kadhaa. Mke wa marehemu, fundi cherehani, alikuwa anamletea mumewe chakula. Akamwona mwanaume anatoka langoni, akamwona uso. Baadaye akakamatwa mchukuzi mmoja wa sokoni, kijana aliyewahi kugombana na marehemu. Ni mrefu, mwembamba, masikio yamesimama. Kwa kifupi ni mimi. Askari wa zamu hawana dogo: "Karani, pacha wako anaomba maji." "Karani, mwambie ndugu yako apunguze kuimba."

Kanuni ya gwaride la utambuzi inataka mtuhumiwa asimame kati ya watu wanaofanana naye, basi nikatolewa mezani nikapangwa kwenye mstari. Mtuhumiwa ana haki ya kuchagua nafasi yake. Akaja kando yangu, akaninong'oneza: "Kaka, niache nisimame hapa. Labda atatuchanganya." Mama yule mjane akaingia. Akitambua mtu anatakiwa amguse bega. Akapita mbele yetu mmoja mmoja, hakumgusa mtu. Alipofika mwisho wa mstari akageuka, akainua macho kuelekea mlangoni, akashika ukuta asianguke.

Nimeandika: shahidi hakumtambua mtu yeyote. Kuna kitu kingine nilikiona kutoka pale niliposimama, ila sidhani ni cha kuandika.

Wasalimie wote.

Mpwa wako


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Mguu unanidharau lakini mkono unaandika. Mkaza mjomba wako anasema umekonda. Hajakuona, ameusikia wembamba kwenye barua. Mama yako macho yanamsumbua, kwa hiyo barua zako namsomea mimi, na sehemu za vipigo naziruka. Binti yangu mdogo amefeli hesabu tena na anasema kosa ni la hesabu.

Koti! Nimecheka hadi mguu ukasahau kuuma. Miaka yote hii nimekuwa nikimwandika mtu asiyekuwepo, kumbe yupo, ana ofisi na mshahara. Niambie zaidi. Njiti anaitafuna au anaishikilia tu? Akipiga, koti analivua au analo mwilini? Hayo madogo madogo ndiyo yanayomshika msomaji.

Nikueleze jambo la ufundi, maana umesoma, utanielewa. Katika hadithi ya mpelelezi mkali, mwanzoni mwandishi anamweka muovu mbali: jambazi, tajiri, mgeni. Msomaji anaridhika. Baada ya muda anachoka, anajua nani atashinda. Hapo ndipo unamletea mpelelezi mfano wake. Mpelelezi anamtafuta mtu anayetembea kama yeye, anayefikiri kama yeye, anayejua atakachofanya kesho. Anazifuata nyayo, anainama, anazipima, na zinaingia kwenye kiatu chake mwenyewe. Mpwa wangu, huo ndio ugumu wa kazi yetu. Mtu anayechubua ngozi za watu kila wiki, msomaji akimshangilia, ni nani hasa? Sijawahi kuthubutu kumfanyia hivyo Msumari. Mhariri ananibana, anasema mzee wangu huyo amechosha, na mimi sina pa kumpeleka.

Kwa hiyo niambie mama yule alimwona nani mlangoni. Ukiona vigumu kuandika mtu, andika amevaa nini.

Mjomba wako


Tarehe 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikitika kuhusu macho ya mama. Mpeleke kwa daktari wa macho, asije akakudanganya kwamba anaona. Anajua sauti zetu tu na anajibu kwa kubahatisha. Binti yako mwambie nami nilifeli hesabu, na bado nimepata meza.

Alivaa koti.

Nimeliandika hilo neno na nimetoka kwenda kuangalia kama mlango wangu una funguo. Alikuwa amesimama mlangoni wakati wa gwaride, kama anavyosimama siku zote. Mama yule alimtazama usoni, halafu akaitazama mikono yake. Yeye akaitoa njiti mdomoni, akaiangalia, akairudisha. Hakuna mwingine aliyeona, maana sisi tuliokuwa kwenye mstari tu ndio tuliokuwa tunatazama upande ule, na wenzangu walikuwa wanamtazama mama. Sidhani alikusudia kuua, Mjomba. Nadhani alikwenda langoni kuutafuta ukweli wa ule wizi, akautafuta chini ya ngozi.

Na kesi kapewa yeye. Kila asubuhi anakuja kazini kumtafuta aliyemuua mlinzi, anahoji, anapiga simu, anakunja uso. Anafanya vizuri sana. Kuna wakati nadhani amesahau.

Kulikuwa na gwaride la pili. Safari hii Koti alimwita mama ofisini kwake kwanza, akafunga mlango. Nilisikia sauti moja tu, nayo haikuwa ya kike. Tukapangwa. Kijana akaja tena kando yangu. Uso umevimba, kufanana kumepungua. Mama akapita, akanifikia, akasimama. Akaweka kiganja chake kwenye bega langu, akakiacha hapo.

Askari walicheka. Koti hakucheka. Baadaye akanijia mezani.

"Andika. Shahidi alimgusa bega mtuhumiwa."

"Afande, alinigusa mimi."

"Wewe ni mtuhumiwa?"

"Hapana, afande."

"Mama kaletwa kumgusa nani?"

"Mtuhumiwa, afande."

"Basi andika."

Nikaandika. Kijana naye ameshasaini kwamba amekiri. Amesaini kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hauwezi kushika kalamu.

Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Nataka kukuuliza, na huku sina mwingine wa kumuuliza: niende kwa wakili wake nikamwambie? Kijana anaweza kufungwa nusu ya maisha yake. Lakini naogopa, Mjomba. Naogopa hadi nikisikia viatu kwenye korido nasahau herufi zilipo kwenye mashine. Ukiniambia nenda, nitakwenda. Nijibu upesi, na hii ukishaisoma ichome.

Mpwa wako


Tarehe 24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda posta. Au labda mguu, au mama. Kama ni mama niambie bila kuzunguka.

Kijana ameanza kuniita kaka kila nikipita. Hasemi kingine. Jana nilizunguka kwa nje ili nisipite mlangoni pake, nikachelewa kupeleka majalada, nikakaripiwa.

Neno moja tu litanitosha. Nenda, au kaa.

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa, nilikuwa nimezama kwenye kazi. Mhariri amefurahi ghafla, hata ameniulizia mguu, jambo ambalo hajawahi. Mama yako amepewa miwani; anasema sasa anaona vumbi la nyumba hii na amegombana na kila mtu. Mkaza mjomba wako anakusalimu kwa hasira, maana aliyelaumiwa ni yeye.

Kuhusu ulichouliza: kaa. Kaa na unyamaze. Wewe ni mtoto pekee wa dada yangu. Karani kazi yake ni kuandika anachoambiwa, hata majaji wanajua, hakuna atakayekuuliza. Kijana ana wakili, mwache wakili ahangaike. Huyo Koti wako namjua kuliko unavyomjua, nimekuwa naye mezani miaka yote; mtu wa aina ile akihisi umemwona, hakupi nafasi ya pili. Mambo ya kusimama mahakamani ukanyoosha kidole yanafaa kusomwa, hayafai kufanywa na mtu mwenye mama.

Barua yako ile usiwe na wasiwasi nayo. Nimeiweka mahali salama.

Mjomba wako


Tarehe 13 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi mama anaona vumbi.

Nilikuambia uichome.

Ijumaa gazeti lilifika. Koti akaketi kwenye ukingo wa meza yangu, kama kawaida yake, akaanza kutusomea. Msumari anapewa kesi ya mlinzi aliyeuawa langoni. Askari wakatazamana, mmoja akasema, "Kama kwetu!" Koti akacheka, akaendelea. Msumari anakuta nyayo kwenye tope, anainama, anavua kiatu chake kuzipima. Hapo sauti ikashuka. Akaendelea kusoma midomo ikicheza tu, na sisi tumekaa tunasubiri pa kuitikia. Alisoma hadi mwisho, akalikunja gazeti taratibu, akalitia mfukoni mwa koti, akaenda ofisini kwake. Akaniita.

Nililipata jingine baadaye kwa muuza magazeti, kwa hiyo najua alichokuwa amesoma. Karani mwembamba, masikio yamesimama, anayefanya kazi kwenye korido kati ya milango miwili. Anasimama mahakamani, anasema, "Aliyeguswa bega ni mimi," na sauti yake inajaa chumba. Maneno ya mezani pangu yote yapo, "Basi andika" imo. Hukubadilisha hata njiti.

Koti aliniambia nifunge mlango.

"Mjomba wako anajua kuandika," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Huyu karani wake kaniburudisha. Ana shingo ngumu. Kamtoa wapi?"

"Ni hadithi tu, afande. Anabuni."

"Na wewe? Shingo yako ikoje?"

"Mimi napiga mashine tu, afande."

"Vizuri. Basi tusiwachanganye." Akainuka, akanishika bega, lile lile. "Jumatano tunakwenda wote mahakamani. Utanibebea majalada."

Sikuwa nimekusudia kukugombeza, wewe ni mkubwa wangu. Nataka nikuulize kitu kimoja tu. Wakati unaniandikia nikae na ninyamaze, yule mwingine ulikuwa umeshamsimamisha?

Mpwa wako


Tarehe 30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta vibaya. Mguu umerudi kuuma, na mkaza mjomba wako haongei nami tangu alipoisoma.

Ndiyo, nilikuwa nimeshamsimamisha. Sitakudanganya. Lakini elewa mwandishi ni mtu wa namna gani. Ulinipa kitu nilichokitafuta miaka yote, nikiwa nimekauka kabisa, halafu ukaniambia nikichome. Nilidhani hadithi ni hadithi. Nani atamkamata mtu kwa hadithi? Na yule karani nilimwandika kwa mapenzi. Nilipofika pale anaposimama, nililia juu ya karatasi. Nilikuwa nakuona wewe.

Sura ile nilimsomea mama yako. Akasema: "Huyo karani ana masikio ya mwanangu, ila mwanangu hana moyo huo." Akacheka. Nami nilicheka, nikajilaumu.

Sasa niambie, kesi iliishaje? Siulizi kwa ajili yangu tu. Kapu la mhariri limejaa barua za wasomaji, wengine hawamtaji hata Msumari, wanataka kujua karani alipona au hakupona. Nimebakiwa na sura moja, nimeizuia makusudi nisije nikakosea. Niandikie hata mistari michache. Na kama kazi imekuwa nzito, njoo nyumbani, chumba chako kipo.

Mjomba wako


Tarehe 17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba mpe salamu zangu, na umwambie nimesikia kwamba amenyamaza kwa ajili yangu.

Unataka mistari michache, nitakupa, kwa sababu sitaki ubuni na hili.

Chumba cha mahakama kina feni moja, inayozunguka juu ya jaji peke yake. Nilikaa nyuma ya mwendesha mashtaka, majalada mapajani. Kijana alikuwa kizimbani kwa shati la kuazima, mikono mifupi. Fundi cherehani alikuwa amekaa mbele kabisa na alikuwa akinitazama tangu nilipoingia. Sikujua kwa nini. Alipoitwa kutoa ushahidi akaulizwa alimgusa nani kwenye gwaride, akasema: "Nilimgusa karani. Yule pale. Muulizeni." Watu wakacheka. Koti, ambaye alikuwa ameshatoa ushahidi wake, akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwona mjane kachanganyikiwa. Nikadhani yameishia hapo. Lakini jaji akavua miwani, akasema, "Karani asimame."

Karani wako alisimama mwenyewe. Mimi nilisimamishwa. Nikaapishwa, wakili wa kijana akaniuliza taratibu, kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa: "Ulikuwa kwenye mstari?" Ndiyo. "Shahidi alimgusa nani?" Kijana alikuwa ananitazama. Mjane alikuwa ananitazama. Koti alikuwa anatazama kucha zake.

Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Basi. Hayo maneno mawili hayamo kwenye gazeti lako. Kijana kapewa miaka kumi na mitano. Aliposhushwa alipita karibu yangu, na safari hii hakuniita kaka.

Yule mjane alinikuta nje, nimeshika nguzo. Nilitegemea matusi. Akaniambia: "Mteja wangu alinisomea gazeti. Nikasema, basi, yule mtoto atasema. Nikawahi kukaa mbele ili unione usiogope." Nikamuuliza kwa nini alinigusa mimi siku ile. Akasema, "Wewe ndiye pekee mle ambaye nisingemfungisha. Nilijua huyo mwenye koti hawezi kukuweka ndani kwa kuguswa na mimi. Nikadhani utakasirika, utauliza, itajulikana." Akafunga kanga yake vizuri kichwani. "Pole," akasema. Alinipa pole mimi, Mjomba. Mume kamzika yeye.

Koti amenihamishia ofisini kwake. Ananiita kijana wake. Ijumaa hasomi tena kwa sauti, ila anasoma, na juzi aliniambia, bila kuinua uso, "Mwandishi kachelewesha sura ya mwisho. Anasubiri nini?" Nikajua anasubiri kama wewe, na kama wasomaji wako. Wote mnataka kujua yule wa kwenye karatasi kafanya nini. Mimi niko hapa mezani, hakuna anayeniuliza.

Jana nilikwenda kwa wakili. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Nilipanda, nikashuka, nikanunua dawa ya kichwa ambayo siihitaji, nikapanda tena. Nikamwambia yote, tangu gwaride la kwanza. Alisikiliza bila kuandika. Halafu akasema:

"Kuna rufaa, na hiki ulichosema kinaweza kuibeba. Lakini unajua uliapa mbele ya jaji?"

"Najua."

"Kusema uongo baada ya kuapa kuna kifungo chake. Nikiyaandika haya kuwa kiapo kipya, kikimtoa yeye, kitakuingiza wewe. Na huyo mkaguzi wako hatakaa akusubiri. Nenda nyumbani ukafikirie."

Nikamwambia nikienda nyumbani sitarudi, aandike sasa hivi. Akaandika. Kusaini kulinichukua muda. Ilibidi aushike ukingo wa karatasi, maana ilikuwa inanifuata. Ile saini haifanani na zangu nyingine, lakini akasema inatosha.

Kiapo kinapelekwa mahakama ya rufaa Jumatatu. Nitakuwa ofisini Jumatatu, nimekaa nyuma ya mgongo wa Koti, kwa kuwa wakili anasema nikitoroka kiapo kitakosa uzito. Sijisikii shujaa hata kidogo, na nakuomba usiniandike hivyo.

Sura yako ya mwisho itunge unavyopenda. Waambie karani alipona, watafurahi. Barua nyingine kutoka kwangu usitegemee. Nitakapokuwa huko gerezani, sitaki kujiona gazetini nikiwa hodari.

Mama usimsomee hii. Kaa naye chini, umwambie kwa mdomo wako, na usiruke kitu.

Mpwa wako